Kanisa liliogopa mawazo mapya, au liliogopa mkono unaoyaleta?

Mwalimu_wa_Mpakani (Busia)

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitakasirika.

Chumba cha walimu shuleni kwetu kuna ubishi ambao haujapoa mpaka leo. Shule yenyewe ilianzishwa na kanisa. Upande mmoja unasema kanisa ni adui wa fikra mpya tangu enzi na enzi, na ukiwauliza ushahidi wanasema Galileo, yule mtazama nyota wa Italia aliyehukumiwa na Roma, basi. Upande wa pili unasema bila wamisionari sote tungekuwa tunachunga mbuzi. Mimi naona wote wanazunguka mbuyu. Kanisa halikugombana na wazo kwa sababu tu ni jipya. Lilitazama kwanza ni nani kalileta, na likikubaliwa, nani atapoteza nafasi ya kusema la mwisho.

Mchukueni huyo huyo Galileo. Kitabu cha Copernicus kinachosema dunia ndiyo inayolizunguka jua kilitoka 1543. Copernicus alikuwa mtumishi wa kanisa kuu la Frombork, huko Poland, na kitabu alimwandikia Papa Paulo III kwa heshima zote. Zaidi ya miaka 70 Roma haikukigusa. Marufuku ilikuja 1616, tena kilisimamishwa "mpaka kirekebishwe". Sasa jiulizeni, kwa nini 1616 na si 1543? Kufikia hapo Luther, baba wa Waprotestanti, alikuwa ameipasua Ulaya, na Mtaguso wa Trento, mkutano wa maaskofu wa Katoliki, ulikuwa umeamua 1546 kwamba hakuna mtu wa kujifasiria Biblia kinyume na kanisa. Halafu anatokea Galileo, mtu wa hesabu, mlei asiye padri, anaandika barua za kueleza jinsi ya kusoma pale Yoshua aliposimamisha jua! Jua lenyewe lingevumilika. Mlei kufasiri Maandiko ndiyo iliyowachoma.

Na hukumu ya 1633 ina la zaidi. Papa Urban VIII alikuwa rafiki wa Galileo, alimruhusu aandike. Galileo akaichukua hoja aliyoipenda Papa, akaiweka kinywani mwa mhusika anayeitwa Simplicio, ambaye kitabu kizima ndiye mtu wa kushindwa. Wakati huo vita vinawaka Ulaya na Wahispania wanamsema Papa hadharani kuwa ni mlegevu kwa wazushi. Hebu mfanyie hivyo mkubwa yeyote anayesakamwa, uone. Tarehe 22 Juni 1633 mzee wa watu alipigishwa magoti, akakana, akafungiwa nyumbani hadi alipofariki 1642.

Kingine kifupi. William Tyndale alinyongwa na kuchomwa moto 1536 kwa habari ya kutafsiri Biblia kwa Kiingereza. Miaka mitatu baadaye mfalme wa Uingereza akaagiza Biblia ya Kiingereza iwekwe makanisani, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Tyndale yule yule. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni muhuri.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo panapotuhusu sisi wa Kiswahili.

Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana alifika Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, 1878. Fundi hasa: chuma, mbao, uchapishaji, yote yake. Unadhani alizungumza na Kabaka (mfalme) Mutesa kwa lugha gani? Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika kwenye ikulu tangu siku za Suuna, baba yake Mutesa, na wakubwa wa pale Kiswahili walikielewa. Mackay alisimama Jumapili mbele ya Kabaka akisoma Maandiko ya Kiswahili, yale yaliyotafsiriwa Zanzibar na kina Askofu Steere. Kwa hiyo masikio ya kwanza ya Uganda kusomewa Injili yalisomewa kwa lugha hii tunayoandikia hapa. Vijana wa ikulu waliojifunza kusoma, walioitwa abasomi, walianzia humo.

Baadaye mmisionari Pilkington, pamoja na Henry Wright Duta na wenzao, wakaikamilisha Biblia ya Kiganda, 1896. Kazi nzuri, siisemi vibaya. Ilichapwa nene na fupi ili ienee kwenye mkebe wa biskuti, mchwa wasiile. Lakini angalia kilichofuata. Askofu Alfred Tucker, aliyeliongoza kanisa la Kianglikana Uganda mpaka 1911, aliandika kwamba lugha moja kwa Afrika ya kati ni jambo la kutamanika, ila Mungu apishie mbali isiwe Kiswahili. Kiingereza ndiyo. Kiswahili kamwe, kwa sababu, machoni pake, Kiswahili maana yake ni Uislamu na upotofu.

Lugha ni ile ile! Iliyomfaa Mackay mbele ya Mutesa ikawa sumu mara kanisa lilipokuwa na ardhi, shule na machifu wake. Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kiingie mashuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, maaskofu walikuwa mstari wa mbele kukipinga. Tulikaa hivyo mpaka baraza la mawaziri likaamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima, na hata sasa mkuu mmoja wa shule (simtaji) aliniambia usoni kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi, na watoto wa shule ya kanisa wana mambo ya maana zaidi ya kusoma.

Naomba kuwasilisha. Mawe yaje, nina kofia.

Hajat_wa_Bombo

Mwalimu, umeandika vizuri, lakini umeruka sehemu yetu kama kawaida ya watu wa vitabu. Kabla ya kanisa, wazo jipya pale ikulu lilikuwa Uislamu. Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani, alihesabu miaka kwa kalenda ya Kiislamu. Vijana wa Kiislamu waliuawa kwa amri yake katikati ya miaka ya 1870, miaka kumi hivi kabla ya wale mashahidi Wakristo waliouawa na Kabaka Mwanga, kwa kukataa nyama isiyochinjwa kwa sheria na kusema Kabaka asiyetahiriwa hawezi kuwaswalisha. Kila tarehe 3 Juni nchi nzima inakwenda Namugongo kwa miguu kuwakumbuka hao Wakristo, wengine wanatoka Kenya na Tanzania, na ni haki yao. Hao wetu mnawataja lini?

Halafu hayo ya shule. Marehemu baba yangu alikuwa na akili za kupita, lakini shule nzuri za miaka yake zilikuwa za misheni, na mlangoni waliuliza jina la ubatizo. Babu akasema hapana. Baba akaishia kuwa fundi cherehani. Kwa hiyo unapouliza nani atapoteza nafasi ya kusema la mwisho, sisi jibu tunalo tangu zamani.

Boda_Mwenye_Akili

Kasome mkataba wa 1900, wa Waingereza na Buganda, utaelewa kila kitu. Jumuiya tatu za misheni ziligawiwa maili za mraba 92 za ardhi. TISINI NA MBILI. Ukiwa na ardhi kiasi hicho huhitaji kuogopa wazo lolote, wazo ndilo linakuogopa wewe 😂

Na siasa nayo? Chama cha DP watu walikiita "Dini ya Papa". UPC nacho kikaitwa cha Waprotestanti wa Canterbury, kwa askofu mkuu wa Waanglikana Uingereza. Mpaka leo nikibeba mzee wa Masaka kwenye pikipiki ananiuliza kwanza nasali wapi, ndipo anaulizia nauli.

Katekista_Mstaafu (Masaka)

Vijana wangu, amani kwenu.

Nimefundisha katekisimu tangu nikiwa kijana na nimesikia habari za Galileo mara nyingi kuliko za mtume yeyote. Nawaomba mtende haki. Aliyetoa hesabu za ulimwengu unaotanuka, kitu mnachokiita mlipuko mkuu, ni Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji. Aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere ni Mendel, mtawa. Kalenda iliyo ukutani kwenu ilitengenezwa kwa amri ya Papa Gregori XIII, 1582, na hesabu zake alizisimamia Mjesuiti Clavius. Kanisa adui wa sayansi halifanyi hayo.

Na hapa Uganda, mwalimu, umetazama upande wa Waanglikana peke yake. Sisi mapadri wetu wa kwanza Waafrika, Bazilio Lumu na Victoro Mukasa, walipewa daraja 1913. Joseph Kiwanuka akawa askofu 1939, hapa hapa Masaka, wa kwanza mweusi katika nyakati hizi. Je, Roma ilimwogopa yule aliyeleta wazo? Ilimpa jimbo.

Hilo la Kiswahili nalo usilitwike kanisa peke yake. Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi 1929. Waganda hatukukitaka wenyewe, tuliona kitatumeza. Askofu hakuhitaji kutufundisha hilo.

Fizikia_Gulu

Naingia kwa upande wangu, sayansi.

Mwaka jana Mshtarii (wanafunzi wanaiita Jupita) ilipokuwa juu vizuri usiku, niliwatoa kidato cha tatu uwanjani na darubini ya macho mawili, ile ya kutazamia ndege. Ukiishika mkononi huoni kitu, inatetemeka. Tuliiegemeza juu ya ukuta wa tangi la maji. Hapo unaona kijidoa cheupe cha mviringo, na kando yake vinukta vitatu au vinne, miezi yake, vimejipanga kwenye mstari. Kesho yake vimehama. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, basi si kila kitu kinatuzunguka sisi." Nilitaka kumpa alama za muhula mzima palepale.

Galileo aliona hivyo Januari 1610. Sasa watu wasichojua: Wajesuiti wa Roma walitazama kwa darubini zao na 1611 wakathibitisha kuwa ni kweli vipo. Hawakukataa kutazama. Isitoshe, Galileo hakuwa na ushahidi kamili kwamba dunia inakwenda. Hoja aliyoitegemea sana ilikuwa ya maji kupwa na kujaa, nayo si sahihi. Kipimo kilichotakiwa ni nyota kuonekana zimehama kidogo kati ya Januari na Julai, na hicho Bessel, mtaalamu wa nyota, alikipata 1838. Miaka 205 baada ya hukumu!

Kwa hiyo mzee katekista ana hoja. Ila swali la mwalimu linabaki. Kama ushahidi haujatosha, unamjibu mtu kwa hoja. Kumpigisha magoti ni habari nyingine. Na vitabu vya Copernicus na Galileo viliondolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa 1835 tu, Papa Yohane Paulo II akaja kusema 1992 kwamba waamuzi walikosea.

Mkunga_wa_Usiku

Nyie mnazungumzia nyota, mimi nazungumzia kinachoingia wodini.

1930 maaskofu wa Kianglikana duniani, wakiwa London, walifungua mlango kidogo kwa uzazi wa mpango. Upande wa Katoliki, Papa aliweka tume, wengi wa wajumbe wakasema turuhusu, lakini Waraka wa Papa wa 1968 ukasema hapana. Hapo hakuna telescope, hakuna ushahidi uliokosekana. Tume yake mwenyewe! Kilichowatia hofu wale wachache ni kwamba kubadilika kungeonyesha kanisa lilikosea zamani. Mwalimu, hii inakufaa kuliko Galileo.

Miaka ya ukimwi nilikuwa mwanafunzi wa ukunga. Kondomu ilikuwa vita ya mimbari. Lakini pia mwaka 1992 Kanoni Gideon Byamugisha alisimama akasema ana virusi, mchungaji wa kwanza Afrika kusema hivyo hadharani. Huwezi kuelewa ilivyokuwa. Wagonjwa walikuwa wanakufa wakidanganya ndugu zao kwamba ni kulogwa. Baada ya hapo walianza kututajia ugonjwa kwa jina. Naye katoka ndani ya kanisa lile lile, si nje.

Hospitali za misheni zilikuwa zinawatibu hao hao. Nsambya walikuwa na huduma ya kuwafuata wagonjwa majumbani tangu miaka ya 80. Masista nimewaona kwa macho wakiosha watu ambao familia zilishawatupa. Kwa hiyo msinilazimishe kuchagua upande.

Mwalimu_wa_Mpakani (Busia)

Nimesoma yote, asanteni. Nijibu kwa mafungu.

Hajat, shikamoo. Swali lako ni zito na nalikubali lote. Wale vijana wa Mutesa wanastahili kutajwa darasani siku moja na wale wa Mwanga. Na habari ya mzee wako fundi cherehani inasema mambo kuliko uzi wangu.

Mzee katekista, Kiwanuka umemleta wewe na nakushukuru, kwa sababu anaongeza uzito upande wangu. Roma ilimpa jimbo, kweli. Lakini 1961, akiwa Askofu Mkuu wa Rubaga, alitoa waraka wa kichungaji kuhusu kanisa na siasa, akagusa namna watu wa Mengo, makao ya Kabaka, walivyotumia jina la Kabaka kwenye siasa. Ulisomwa makanisani. Serikali ya Kabaka ikatuma watu wamkamate! Hawakumpata, wakamchukua padri mwingine. Huyu hapa askofu ndiye mwenye wazo jipya, na kiti cha enzi ndicho kinachouliza nani kakupa ruhusa ya kusema. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa kanisa peke yake. Ni wa kila mwenye la mwisho, na Daudi Chwa uliyemtaja namweka humo humo.

Ila kwa Tucker nakataa kulegea. Daudi Chwa alikuwa analinda Buganda na ufalme wake, haki yake. Tucker alisema Kiingereza ndiyo. Kiingereza kingetumeza vilevile, na kimetumeza, lakini kilikuja kwa mkono wake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote nilikuwa nimeuweka akiba. Walokole, yaani waliookoka. Uamsho wao ulianza miaka ya 1930 upande wa Rwanda, Gahini, ukaingia Uganda kwa kasi. Hawakuwa na mafundisho mapya. Waliungama dhambi hadharani, wakawataja hata wachungaji kwa wizi na uzinzi, wakaamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri. Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, Oktoba 1941, mkuu wa chuo, Mzungu, akakataza ibada hizo za alfajiri. Wakakaidi. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwemo. Hebu niambieni, hapo kuna uzushi gani? Toba? Sala ya asubuhi? Kosa lao ni kwamba mwanafunzi wa theolojia alimtazama mkuu wake Mzungu akamuuliza kama ameokoka.

Reuben Spartas alifika mapema zaidi. 1929 akajitoa kwa Waanglikana akaanzisha Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika. Alikuwa askari wa zamani wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza. 1946 Patriaki wa Aleksandria akawapokea. Imani ya zamani kuliko Canterbury yenyewe, lakini kwa maaskofu wa Kianglikana wa Namirembe ilikuwa uasi.

Mtoto_wa_Mulokole (Kabale)

Nimezaliwa humo, Tukutendereza, wimbo wa Walokole, nimeuimba kabla sijajua kutembea. Bibi yangu alirudisha kuku aliyemwiba kwa jirani miaka ishirini nyuma, alirudisha na vifaranga vya kukadiria. Jirani alikuwa keshasahau.

Mwalimu, umeishia pazuri lakini hukumaliza. Wale waliofukuzwa na wenzao ndio waliokuja kulijaza kanisa. Janani Luwum aliokoka 1948, akawa Askofu Mkuu 1974, na Februari 1977 aliuawa kwa sababu maaskofu walimwandikia Amin kumpinga. Askofu mwenzake Festo Kivengere alikimbilia Rwanda kwa miguu usiku. Hao walikuwa Walokole.

Sasa wajukuu wao ndio wenye ofisi. Nenda uwaambie vijana wanataka ibada ya usiku kucha wanavyotaka wao, bila kupewa kibali na mchungaji. Nilikuwepo kwenye kikao kimoja. Mzee aliyesimama kuwakemea wale vijana alisema kanisa haliwezi kuendeshwa na watu wanaoamka tu na kusema Roho kawatuma. Niliangalia chini, maana baba yake alisimuliwa nyumbani kwetu kama shujaa kwa kusema hivyo hivyo, kwamba Roho kamtuma.

Katekista_Mstaafu (Masaka)

Hilo la Kiwanuka nimelipokea, ingawa ninyi watu wa Busia mnajua kugeuza kisu.

Lakini niulize. Kila mtu akiamka na wazo lake na hakuna wa kusema la mwisho, mnapata nini? Malaki Musajjakawa alianzisha dini yake 1914 akikataza dawa za hospitali, na watu kwa maelfu wakamfuata, hata chifu mkubwa Mugema. Watoto waliokosa chanjo watamlaumu nani? Mkunga, nijibu wewe, mimi nakuamini.

Mkunga_wa_Usiku

Mzee wangu, nitakujibu kesho, naingia zamu. Ila jua kwamba hata wiki hii nimepokea mama aliyekatazwa kuja hospitali na nabii wa mtaani, na nabii huyo hana askofu wa kumuuliza. Kwa upande huo nakuelewa.

Boda_Mwenye_Akili

Na ile ardhi je? Mbona kila mtu kaikwepa? Kuna kipande kando ya stendi yetu, kanisa linasema ni lake, wapangaji wanasema walizaliwa hapo. Kesi ipo mahakamani. Hajat, una mwanasheria bomba huko Bombo?

Hajat_wa_Bombo

Ninaye. Njoo inbox, lakini si siku ya Ijumaa mchana.